PAKA WA NYUMBANI

Tuseme nyumba moja ya Buganguzi, katika nchi ya Muleba, ina paka wanne: mama mwenye mabaka, wanawe wawili waliokwisha kukua, na dume la kijivu lililojileta lenyewe kutoka kibanja cha jirani. Mwenye nyumba awapenda, lakini hakuwaweka kwa kuwatazama tu. Maharage yake yamo ndani, na karanga zimo ndani, na panya wajua.

Asubuhi paka hawa hawana kazi. Mmoja hulala juani kando ya mkeka wa kahawa, wawili jikoni karibu na mafiga, na wa nne haonekani. Msimwite paka mvivu, maana kazi yake ni ya usiku. Jua likitua huamka mmoja mmoja, hujinyosha, kisha huingia chini ya migomba. Tazameni macho yake: mchana mboni ni nyembamba kama uzi, bali gizani hupanuka ikawa duara, ili mwanga kidogo uliopo uingie. Makucha huyaficha aendapo. Kwa hiyo panya hasikii hatua zake.

Walakini paka wanne hawakai kama ndugu. Kila mmoja huwinda peke yake, si pamoja kama simba, na kila mmoja ana mahali pake pa kulala. Ukiwatilia chakula katika chombo kimoja, dume hula na wengine hungoja. Afadhali kila mmoja apewe kigae chake. Lakini mwezi wa Novemba, senene wakija, ugomvi husahauliwa: wote hukaa penye taa pamoja na watoto, na kila mmoja hukamata wake.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko maharage. Miaka ya 1897 na 1898 tauni ilikuwa ikiua watu huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Daktari Zupitza alipelekwa kuutazama ugonjwa ule, na Robert Koch, mtaalamu wa Ujerumani, akathibitisha ya kuwa ni tauni hasa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kujua dalili yake: panya wakifa ovyo, watu waondoke nyumbani, maana ugonjwa waja nyuma. Katika mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha sababu, nayo ni viroboto. Panya akifa na mwili wake ukipoa, viroboto humwacha wakatafuta damu nyingine.

Basi mtu atasema, nyumba yenye paka wanne haina hofu. Sivyo. Paka hupunguza panya, na hilo ni jema. Lakini akila panya mgonjwa aweza kushikwa na tauni mwenyewe, au kuleta viroboto mpaka kitandani. Na paka mgonjwa aweza kumwambukiza mtu kwa kumwuma, kumpapura au kumkoholea. Kwa hiyo panya mfu msimguse kwa mkono, wala msimtupie paka. Mkiona panya wengi wamekufa, mwambieni mzazi au mwalimu siku ile ile, apeleke habari zahanati.

Sumu ya panya nayo yadhuru paka, kwa kuwa panya aliyeila huwa mlegevu, na paka humkamata kwa urahisi akafa naye. Mwenye kuweka sumu na kufuga paka pamoja ajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Tena, paka akikuuma au kukupapura, osha jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, ukaende hospitali, hata kama paka ni wenu. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia.

MASWALI

1. Kwa nini viroboto humwacha panya aliyekufa?
2. Kwa nini paka na sumu ya panya havipatani?
3. Leo jua likitua, watazameni paka wa nyumbani kwenu. Kila mmoja aelekea wapi?