Mke anayepigwa haumwi mwili peke yake

Katika jamii yetu, mke akianza kukosa usingizi, kulia mara kwa mara na kushtuka kila mlango unapogongwa, jambo la kwanza linalosemwa ni kuwa ana jini. Hutafutwa Sheikh wa kumsomea. Ni wachache wanaouliza: je, mama huyu anapigwa nyumbani?

Kisomo cha ruqya kina asili katika Sunna na hatukipingi. Lakini mwanamke anayesomewa Alasiri na kupigwa baada ya Ishaa atapona vipi? Mwili wa anayeishi kwa hofu ya kipigo haupumziki usiku wala mchana. Moyo humwenda mbio, chakula hakipiti, hata idadi ya rakaa humpotea. Hofu hiyo ikidumu huweza kuzaa sonona, na wapo wanaofikia kutamani kufa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa wanawake waliofanyiwa ukatili na waume au wapenzi wao hupatwa na sonona karibu mara mbili zaidi ya wengine.

Wapo watakaojibu kwa Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa. Ndugu zangu, wanachuoni wameiwekea aya hiyo mipaka: kisiwe kipigo cha kuumiza, wala uso usiguswe. Na Bi Aisha (RA) amepokea, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (SAW) hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Kigezo chetu ni nani basi?

Wengine humwambia: subiri. Tumtazame Habiba bint Sahl (RA). Katika riwaya ya Abu Daud, mumewe Thabit bin Qais alimpiga hadi akamvunja. Habiba akamwendea Mtume (SAW) baada ya Swala ya Alfajiri. Mtume hakumrudisha nyumbani akasubiri. Alimwita Thabit, akamwamuru achukue bustani mbili alizompa mkewe kama mahari, na amwache. Subira ni ibada, lakini si kibali cha dhulma.

Tufanye nini? Wazazi, binti akirudi nyumbani na alama mwilini, msimhimize arejee usiku uleule. Masheikh na maimamu, mnaposuluhisha kwa mujibu wa Aya ya 35 ya sura hiyohiyo, msikilizeni mke mbali na mumewe, maana mbele yake hatosema. Apelekwe hospitali akatibiwe mwili na nafsi. Kutafuta tiba si upungufu wa imani. Dawati la Jinsia lipo katika vituo vya polisi, na hapa Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Nawe mume, elewa kuwa kidonda cha nafsi hakifungi siku unayoomba radhi. Utaulizwa kuhusu amana hiyo mbele ya Allah (SW).

Wabillahi Tawfiq.