Ukiuza siga Eldoret

Mji wetu uko juu, mita 2,100 hivi, na Januari na Februari hewa hukauka sana. Siga hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, kwa hivyo usiziache wazi kwenye rafu. Ziweke katika kisanduku kinachofunga vizuri, chenye kipima unyevu, na umwonyeshe mteja kipimo hicho. Mwache aibonyeze taratibu: nzuri hubonyea kidogo, kavu hulia kama ganda la mahindi. Hiyo kavu usimuuzie, hata akiwa anakimbilia matatu.

Anayeonekana mdogo, muombe kitambulisho kwa upole. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Akikuuliza madhara, mwambie wazi: siga huleta saratani ya mdomo na koo.