Dondoo muhimu: Viza ya mwenzi ikikataliwa Uingereza
Kabla ya kukimbilia kuomba upya, isome barua ya kukataliwa aya kwa aya, maana ndiyo inayoonyesha kama kasoro iko kwenye ushahidi au kwenye uamuzi. Ndoa ya kweli kabisa yaweza kukwama kwenye karatasi: hati ya mshahara ya mwezi mmoja kati ya sita imekosekana, au kiasi kilichoandikwa humo hakionekani kwenye taarifa ya benki, na kigezo cha kipato, pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, kikahesabiwa hakijatimizwa. Hapo kuomba upya na nyaraka kamili ndiyo njia fupi, ingawa ada ya kwanza hairudi.

Lakini afisa akipuuza ushahidi uliokuwemo, au akidai uhusiano si wa kweli, kata rufaa: siku 28 kwa aliye nje ya Uingereza, 14 kwa aliye ndani. Wapo wasemao rufaa huchelewesha familia, na kweli huchukua miezi. Hata hivyo, ombi jipya halifuti alichoandika afisa wa kwanza. Atakayefuata atakisoma, na tuhuma isiyojibiwa huota mizizi. Jaji anaweza kuitengua, akipima pia haki ya maisha ya familia, hasa palipo na mtoto.