Gari la Mlimani Halichaguliwi kwa Beji

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: gari la juu, la mtumba, ambalo siku za kazi litashuka Tukuyu mjini na kurudi, na mwisho wa wiki lipande Ngosi, lishuke Masoko au lifike Kitulo. Nimechagua maswali yanayonikera na yale yanayonitia wasiwasi. Anayetaka kujua rangi ipi inauzika upesi amwulize dalali.

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Kinyala, nafundisha mjini. Nimeambiwa nikipata gari lenye 4WD sitakwama wala kuteleza, hata masika. Nitafute 4WD ya gari gani? (Wameuliza karibu vilevile wasomaji wa Ikuti, Kisondela na Masukulu.)

Marahaba, mwalimu. Ulichoambiwa si kweli, na uvumi huo ndio unaowapeleka watu mtaroni kila mwaka. Nitaueleza kwa kirefu, maana nimechoka kuyavuta magari ya watu walioamini hivyo.

4WD inafanya kazi moja tu: kulisukuma gari. Nguvu ya injini ikienda kwenye magurudumu manne badala ya mawili, kila gurudumu linapewa sehemu ndogo, kwa hiyo halizunguki bure upesi. Ndiyo maana gari hilo hupanda utelezi uliolishinda jingine. Kusimama ni habari nyingine kabisa. Kila gari barabarani, hata Vitz, linafunga breki kwenye magurudumu yote manne. Ukikanyaga breki, 4WD haikuongezei chochote. Kinachoshika ardhi ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja upana wa kiganja.

Sasa itazame ardhi yetu. Rungwe inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na udongo wa volkano ukilowa, hata mtembea kwa miguu anatafuta fimbo. Dereva mwenye 4WD na matairi yaliyoisha anapanda kilima bila shida, anajiona ameshinda, kisha upande wa pili anateremka na breki haimsikilizi. 4WD imempandisha mahali ambapo matairi yake hayawezi kumshusha. Angekuwa na gari la magurudumu mawili angekwama chini, akalala kwa jamaa, akaamka salama.

Mteremko unashukwa kwa gia. Gari la gia za mkono, weka namba moja au mbili kabla hujaanza kushuka. La otomatiki, vuta L au 2, acha injini ilizuie gari, na breki uiguse kidogo kidogo. Sheria hiyo ni ya lami pia. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unashuka takriban mita 1,000, na anayeshuka na D huku mguu ukilalia breki anazichemsha. Oili ya breki hunyonya unyevu, na ikishanyonya huchemka mapema, kisha pedali inazama mpaka chini. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili. Oili hiyo ni rahisi kuliko vitu vingi unavyolinunulia gari lako.

Jambo la pili: 4WD haziko sawa. RAV4, X-Trail, Harrier na Forester nyingi zinazotoka Japani hazina gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Zinatosha kwa tope la kawaida na changarawe. Escudo (ambayo wengine wanaiita Grand Vitara), Jimny, Prado, Hilux Surf na Pajero ndiyo magari ambamo mara nyingi utaikuta gia hiyo. 4L inaongeza nguvu kwenye magurudumu na kulipunguza gari mwendo, hivyo unapanda mawe taratibu bila kuunguza giaboksi, na unateremka taratibu bila kutegemea breki. Kama njia ya kwenda nyumbani kwako ina kilima cha mawe, hiyo ndiyo tofauti unayostahili kuilipia. Ila kwenye Jimny na magari mengine ambayo dereva mwenyewe anaunganisha magurudumu ya mbele, usitembee na 4H kwenye lami kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, na mvutano huo unakwenda kuvunja vyuma.

Jambo la tatu linaniumiza zaidi: wengi mnalipia 4WD ambayo haipo. Soma namba ya chesisi. RAV4 ya mwaka 2000 hadi 2005 inayoanza na ACA21 ina 4WD. Ikianza na ZCA26, haina. Ile iliyofuata, ACA31 inayo na ACA36 haina. Harrier ya cc 2400 ya kizazi cha pili, ACU35 inayo na ACU30 haina. X-Trail lazima iwe na N kabla ya T ya mwisho, kama NT30 au NT31. Baada ya kusoma namba, lala chini ya gari utazame. Wapo mafundi wanaomshawishi mwenye gari kutoa propela shafti ili kuokoa mafuta. Beji inabaki nyuma, propela iko stoo kwa mtu. Muuzaji akikukataza kulala chini ya gari lake, mshukuru uondoke.

Swali: Fundi, gari ninalolitaka lina matairi ya saizi mbili tofauti. Muuzaji anasema haidhuru.

Inadhuru. Kwenye gari la 4WD matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika hadi kiungue.

Na mkishafika kwenye tairi, someni tarehe. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la zamani mpira wake umekauka, na mpira mkavu haushiki lami iliyolowa. Mkiwa na fedha ya kitu kimoja tu baada ya kununua gari, nunueni matairi manne mapya ya njia zote, yale yaliyoandikwa A/T. Yatawasaidia kuliko taa za ziada, bampa ya chuma na stika.

Swali: Nina familia ya watu watano na duka Kiwira. Kati ya RAV4, Escudo, Forester na Prado, ninunue lipi?

Mama, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja watu na kazi. Pima siku zako za kawaida kwanza. Kama siku sita kati ya saba uko kwenye lami ya Kiwira na Tukuyu, na ya saba ni njia ya tope isiyo na mawe makubwa, RAV4 yenye 4WD ya kweli inatosha, na vipuri vyake utavipata Mbeya bila kuagiza.

Kama kila wiki unapanda njia mbaya, chukua Escudo iliyotoka mwaka 2005 na kuendelea, na uhakikishe ina swichi iliyoandikwa 4L LOCK, maana zipo zisizo nayo. Kwa maoni yangu hilo ndilo gari linalofaa zaidi wilaya hii: dogo kwa njia za migombani, lina gia nzito, na halili mafuta kama Prado.

Forester inakaa barabarani vizuri kuliko zote hizo kwenye kona zenye ukungu za Isongole. Lakini kagua gasketi ya silinda kwenye injini za EJ25, na uwe na fundi anayeijua Subaru, si anayeikisia.

Prado ni imara, ina chesisi kamili, na yenye injini ya petroli ya 2.7 haina maneno mengi. Ila matairi, shokapu na mafuta yake vina bei ya gari kubwa. Ukipata ya dizeli ya 1KD, usinunue kabla nozeli hazijapimwa. Prado iliyochoka inayonunuliwa kwa sababu ya heshima huishia juu ya mawe uani.

Mkumbuke pia hewa ya huku. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kitulo iko kwenye mita 2,600, kwa hiyo karibu robo ya nguvu imebaki chini. Gari la cc 1300 lenye watu watano na viazi litakuambia lenyewe.

Swali: Fundi wangu ametoa themostati. Anasema ni ya nchi za baridi, Afrika haihitajiki. Gari sasa halichemshi ila linakula mafuta.

Huyo si fundi. Amekuondolea kidhibiti cha joto cha injini, na amekutoza.

Themostati hufunga maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa Toyota nyingi ni kuanzia nyuzi 82 hivi, kisha hufungua. Ukiitoa, injini inabaki baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kumimina mafuta ya kuwashia, oili inachafuka na silinda zinalika. Na huyo aliyesema Afrika ni joto aje Tukuyu mwezi wa saba, asubuhi, bila sweta.

Kuna kosa la pili linaloambatana na hilo: maji ya bomba kwenye rejeta. Kwa mwinuko wa Tukuyu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukifika Kitulo ni takriban 91. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta unaoshika presha, pamoja na kulanti. Mfuniko ukilegea na kulanti ikiwa maji ya bomba, gari litachemsha kwenye mlima wa kwanza, na fundi yuleyule atakuambia tatizo ni gasketi. Ukikagua gari la kununua, subiri injini ipoe, fungua rejeta, tazama. Maji yenye rangi ya kutu yanakueleza jinsi gari lote lilivyotunzwa. Rudisha themostati, weka mfuniko mpya na kulanti. Kisha tafuta fundi mwingine.

Swali: Gari lenye mkonga linaweza kuvuka mto Mbaka ukijaa?

Hapana. Mkonga unailinda injini isinywe maji. Hauzuii mto kukubeba.

Swali: Ni kweli RAV4 ya D4 haitengenezeki? Na X-Trail ya CVT je?

Inatengenezeka kwa mwenye vifaa na subira. Injini ya D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo mafuta machafu huumiza pampu na nozeli, na masizi hujaa kwenye njia za hewa. Fundi anayebadilisha plagi, koili na sensa moja baada ya nyingine bila kupima anakutumia wewe kujifunzia. Lakini kama hapo ulipo hakuna mwenye mashine ya kupimia, na kuna gari jingine zuri lisilo la D4, chukua hilo jingine. Kununua gari ambalo mji wako hauwezi kulihudumia ni kununua safari za Mbeya.

CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, inataka oili yake yenyewe, ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Anayekuambia haidroliki zote ni moja, mwondoe kwenye gari lako. Ukijaribu gari la CVT, panda mlima mrefu. Likitetemeka au mlio wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, liache.

Swali: Kilomita 68,000 tu kwa gari la mwaka 2004. Bahati?

Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika, dashibodi inadanganya. Dai pia cheti cha kulitoa gari Japani, kwa kuwa mara nyingi kinaandikwa kilomita.

Swali: Nataka kuinua Harrier yangu kwa spesa ili ipite Mwakaleli.

Usifanye hivyo, kijana wangu. Ukiinua mwili wa gari, shafti za mbele zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, CV jointi zinalia na buti zinachanika. Gari linakuwa na kichwa kizito kwenye kona, na njia ya Mwakaleli ina kona. Weka shokapu na springi mpya za saizi yake. Harrier nyingi zilizo chini ziko chini kwa sababu springi zimechoka. Ikiwa bado haifiki, ulinunua gari la lami. Liuze kwa mtu wa lami.

Swali: Muuzaji anataka fedha yote kabla ya kubadilisha jina TRA.

Usitoe. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, muandikishane, na malipo ya mwisho yaende pamoja na uhamisho.

Swali: Wakati gani ni mzuri kununua? (Barua kadhaa.)

Machi hadi Mei, mvua ikiwa imekaza. Kiangazi kila gari linapanda. Masika, dirisha linalovuja utaliona, taa zenye maji utaziona, kiyoyozi kisichotoa ukungu kiooni utakijua, na kilima chako mwenyewe kitajaribu matairi na 4WD mbele ya muuzaji. Nenda na fundi asiyelipwa na dalali. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, na mlikute hivyo: gari lililopashwa moto kabla hujafika linaficha jambo. Pandeni mlima mkali, shukeni kwa gia, kisha mlale chini mtazame kutu, maana magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na kutu hiyo huanzia kwenye chesisi, chini ya rangi nyeusi iliyopakwa juzi. Gongeni kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, na kilichooza kinabonyea.