SOMO LA UFUNDI: KUUNGA NYAYA ZA PIKIPIKI



Somo la leo ni dogo kwa kulitazama, lakini ndani yake mna riziki ya watu wawili: fundi na dereva.

Nilipokuwa mwanagenzi hapa Buyenzi, niliunga waya wa taa ya mbele kwa kusokota ncha mbili na kuzungusha utepe. Taa iliwaka, mwenye pikipiki akalipa. Usiku wa tatu, akiteremka kutoka Bugarama, taa ilizimika kwenye kona. Mungu alimsaidia, aliishia mtaroni akachubuka goti tu. Kesho yake nilifungua utepe mbele ya wenzangu: nyaya zilikuwa zimeachana. Tangu siku hiyo nashika neno moja: utepe hauungi, utepe hufunika tu.

Kwa nini kiungo kibaya ni hatari? Taa ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 huvuta kama ampea 3. Nyuzi za shaba zikigusana kidogo, au zikiingia kutu, umeme hupita kwa shida. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu hula zaidi ya volti 1, na hutoa joto la wati 3 na zaidi mahali padogo kama punje ya hindi. Taa hufifia, ganda la waya huyeyuka. Na fyuzi haikatiki, kwa sababu umeme haukuzidi.

Basi fanyeni hivi:

1. Fungua waya wa hasi kwenye betri.

2. Chagua waya wenye unene uleule na nyuzi nyingi ndogo. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene hukatwa na mtikisiko. Fuata rangi, ili fundi atakayekuja baada yako asipotee.

3. Vua ganda kama sentimita 2 bila kukata nyuzi. Shaba ikiwa nyeusi, punguza waya mpaka ufikie shaba inayong'aa.

4. Vika kwanza kijimpira kinachosinyaa kwa joto. Ukisahau, utaanza upya.

5. Pishanisha ncha mbili, kisha zungusha kila ncha juu ya mwenzake mara nne au tano. Mtindo huu ni wa mafundi wa simu ya maandishi wa Marekani, na mpaka leo una jina la kampuni ya Western Union. Vuta. Ukiachia, rudia. Kiungo kishike chenyewe kabla ya risasi.

6. Lehemu kwa kupasha waya moto, siyo risasi. Tumia risasi yenye utomvu ndani. Asidi ya mafundi bati hula shaba.

7. Risasi huufanya waya kuwa mgumu, nao hukatika pembeni mwa kiungo ukipindwapinda. Kwa hiyo usiweke kiungo shingoni mwa usukani. Funga nyaya kwenye fremu, na viungo visikae mahali pamoja.

Mwenye koleo maalumu la kubania vichwa vya waya atumie hilo, ni kazi nzuri pia. Koleo la kawaida halifai.

Najua jibu lenu: "Mteja ana haraka, nikichelewa atakwenda kwa jirani." Ni kweli. Fundi mmoja akikataa kazi mbovu, hupoteza mteja. Mtaa mzima ukikataa, mteja hulipa. Kwa hiyo katika mkutano wetu tukubaliane mambo mawili: kiungo cha kusokota na utepe kisitoke tena katika gereji zetu, na malipo ya kiungo kizuri yawe na kiwango cha chini ambacho hakuna atakayekishusha. Nawe dereva, omba fundi avute kiungo mbele yako kabla hajakifunika.

Maswali ya kurudia:
(a) Kwa nini fyuzi haizuii joto la kiungo kibaya?
(b) Kiungo kipimwe lini, kabla au baada ya risasi?
(c) Nani anafaidika mafundi wakishindana kwa kushusha bei?

Umoja ni nguvu.