Mtahini Akiuliza Habari za Baiskeli

Katika sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, mtahini huuliza mambo ya kawaida: kazi, mtaa unaokaa, chakula, utoto. Baiskeli nayo imo. "Did you have a bike when you were a child?" Wengi hujibu "Yes, I had", kisha hunyamaza wakingoja swali gumu. Mtihani wote ni dakika 11 hadi 14, na alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Maneno matatu hayampi mtahini cha kupima.

Wapo pia waliokuja na hotuba ya kukariri, baiskeli ikiwa chombo muhimu cha usafiri duniani. Watahini wamefunzwa kuitambua, na ni rahisi: sentensi ya kwanza inang'aa, ya pili inachechemea.

Sentensi mbili hadi nne zinatosha, mradi ziwe zako. Hukuwa na baiskeli? Afadhali, una mengi ya kusema: "Not my own. I used to borrow my uncle's Phoenix after school. I was too short for the saddle, so I would ride it with one leg under the crossbar." Jibu hilo lina mtu, kitu, na sababu. Halina neno hata moja la kutafuta kwenye kamusi nene.

Tazama vitenzi vyake, kwa kuwa maswali ya utoto hasa ni maswali ya nyakati. Sisi tukisema "nilikuwa naendesha" tumemaliza. Kauli moja inabeba mazoea na tendo lililokuwa likiendelea. Tukiihamisha ilivyo tunapata "I was riding every day", na mbaya zaidi "I was having a bicycle". Mazoea yaliyokwisha yanataka "used to". Hadithi ikishaanza hivyo, endelea na "would". Ila "would" ni ya vitendo vilivyorudiwarudiwa, haifai kwa kumiliki: sema "I used to have a bike", usiseme "I would have a bike". Tukio la siku moja linachukua wakati uliopita wa kawaida: "One day the chain came off and I fell into a ditch." Kisha rudi leo: "I haven't ridden one since I moved to Dar es Salaam." Mtahini amesikia nyakati kadhaa bila wewe kujionyesha.

Msamiati nao uchote kwenye baiskeli uliyoijua: mnyororo, karia, breki, pancha. "Lose my balance" na "scrape my knee" zinafaa kuliko methali za Kiingereza zilizobebwa kutoka kitabuni. Magurudumu madogo ya kujifunzia ya watoto wa Ulaya yaache hukohuko kama hukuwahi kuyaona.

Matamshi: lafudhi yako haikunyimi alama ukieleweka. Lakini Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hutufanya tukaze katikati ya "bicycle". Mkazo uko mwanzoni. Usimeze mwisho wa "borrowed" na "learned". Na ukimsimulia mama aliyekushikia tandiko, shika "she" mpaka mwisho, maana "yeye" yetu haina jinsia na ulimi huteleza.

Sehemu ya pili hukupa kadi, labda ueleze ujuzi uliojifunza utotoni, na dakika 1 ya kujiandaa. Usiandike sentensi. Andika maneno machache: nani, wapi, kuanguka, siku ya kwanza kuweza, sasa. Zungumza hadi dakika 2. Ukikatizwa, si kosa, muda umeisha.

Sehemu ya tatu ndipo wengi huendelea na hadithi ya mjomba wakati wameulizwa kuhusu jamii. "Do children cycle less today than in the past?" Toka kwenye "I" uende kwenye "children" na "parents", tumia "tend to" na "might", toa sababu, kisha kubali upande wa pili: mijini magari ni mengi, vijijini baiskeli bado inabeba maji na mkaa. Ukiulizwa baiskeli na kazi, unayo boda boda, iliyoanza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda.

Nyumbani, jirekodi kwa simu ukijibu swali moja. Sikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya vitenzi tu, mara ya pili kwa ajili ya miisho ya maneno. Kesho yake jibu swali lilelile ukianzia pengine: kwa mjomba, kwa mtaro, au kwa leo.