Kulala ndani ya ndege: Pumzika, lakini usiisahau miguu

Wapo ndugu zetu wengi wanaopanda ndege kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima: mahujaji, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa India, na wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou, China. Kabla ya safari baadhi yao hufika kituoni na ombi moja: "Daktari, nipe kidonge nilale mpaka nifike." Wiki hii tulijibu ombi hilo. Usingizi ndani ya ndege ni jambo jema. Kidonge cha kuutafuta ndicho chenye hatari.

KWA NINI USINGIZI HUWA MGUMU

Ndege ikiwa angani, hewa iliyomo ndani huwa nyepesi kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni kama mtu aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa akajikuta ghafla mahali fulani kati ya urefu wa Nairobi na ule wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Katika hali hiyo gesi iliyomo tumboni hutanuka, na aliyekula maharage na kunywa soda kabla ya kupanda hataona raha. Pili, hewa hiyo ni kavu; unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, hivyo koo, pua na macho hukauka. Tatu, mwili umezoea kulala umenyooka, lakini humo umeketi wima, magoti karibu yaguse kiti cha mbele.

HATARI YA KULALA BILA KUJITIKISA

Damu inayoshuka miguuni hurudishwa juu kwa msaada wa misuli ya vigimbi, ambayo huikamua mishipa kila tunapotembea. Ukikaa muda mrefu bila kutikisa miguu, damu hutulia, na inaweza kuganda katika mishipa ya ndani. Bonge hilo likikatika na kwenda kwenye mapafu, mtu anaweza kufa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonesha kuwa safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hii karibu mara mbili, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Usiogope kupita kiasi: kwa mtu mwenye afya, ilikadiriwa kuwa ni takriban msafiri 1 kati ya 6,000. Lakini aliyemeza Valium, au Piriton kwa ajili ya usingizi wake, hulala kama gogo. Mguu ukifa ganzi hageuki, na kiu ikimshika haamki. Kwa mzee, dawa hizi huweza pia kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Vilevile usimeze aspirini kwa kujikinga bila kuagizwa na daktari.

NAMNA YA KULALA VIZURI

1. Anayetaka kulala aombe kiti cha dirishani, apate pa kuegemea. Mjamzito, mzee na mwenye kisukari anayekwenda haja mara kwa mara wakae kando ya njia.

2. Vaa nguo pana na legeza viatu, kwani miguu huvimba kidogo. Mto wa shingo ukikosekana, kunja kanga au kikoi uzungushe shingoni. Weka pia kitu kidogo nyuma ya kiuno.

3. Mzigo wa mkononi usiuweke mbele ya miguu yako. Nafasi hiyo ni ya kunyoosha miguu. Wala usilale umekunja nne.

4. Funga mkanda juu ya blanketi, ili wahudumu wauone bila kukuamsha.

5. Kunywa maji kidogo kidogo. Chai na kahawa viache saa kadhaa kabla ya kulala.

6. Lala vipande vipande. Kila uamkapo, inua visigino na vidole vya miguu kwa zamu, mara 20 au 30. Taa ya mkanda ikizimwa, tembea kidogo; kwenda kutawadha nako ni matembezi.

Kuhusu saa: Jeddah na Afrika Mashariki saa zetu ni sawa, hivyo lala kwa mazoea ya nyumbani. Guangzhou wametutangulia kwa saa 5, basi panga usingizi ufuate usiku wa huko.

KWA ALIYEVAA IHRAMU

Mwanamume aliyekwishanuia hafuniki kichwa wala havai soksi. Kwa hiyo blanketi limwishie mabegani, na mazoezi ya visigino ayatilie mkazo zaidi. Ikiwa daktari amemwandikia soksi maalumu za kubana miguu, asizivue kimyakimya wala asizivae bila kuuliza. Amweleze mapema shekhe wa msafara ili aelekezwe hukumu ya mwenye udhuru.

NANI AMUONE DAKTARI KWANZA

Aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito na aliyejifungua karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwenye saratani, mnene sana, na mwenye ugonjwa wa selimundu. Dawa za kila siku, zikiwemo za kisukari na presha, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaopelekwa chini.

BAADA YA KUSHUKA

Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida, na huisha. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye kigimbi na kuwa na joto, hata wiki mbili baada ya safari, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiukande wala usiuchue. Pumzi ikibana ghafla, kifua kikauma au ukakohoa damu, hiyo ni dharura. Na mwambie daktari kwamba ulisafiri, maana asipojua anaweza kudhani ni kichomi tu.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako anasafiri mwaka huu, msomee makala haya, kisha mfundishe zoezi la visigino akiwa bado nyumbani. Allah awafikishe salama na kuwarejesha salama.